Mbwa Akiharisha, Mpikie Nini?

Mwezi uliopita nilikuwa na kikundi kimoja cha akina mama wanaofuga kuku, huku Embu upande wa chini. Tulikuwa tumemaliza hesabu za mayai na watu wameanza kukusanya vikapu vyao, ndipo mama mmoja akainua mkono. "Madam, swali langu si la kuku. Ni la mbwa. Anaendesha tangu juzi, hata ugali amekataa. Nimpatie nini?" Wenzake wakacheka. Naye akawauliza, "Mnacheka, lakini ni nani analinda hawa kuku mia mbili usiku? Ni nyinyi?" Kicheko kikaisha.

Kusema kweli mama huyo alikuwa na haki. Mbwa wa boma ni askari asiyelipwa mshahara. Akilala siku tatu bila nguvu, nguchiro anajua na mwizi anajua. Na ukienda kumtafuta daktari wa mifugo kwa kila tumbo lililosokotwa, pesa ya mayai itaisha barabarani. Kuna mambo ya tumbo la mbwa ambayo mtu anaweza kuyatunza kwa sufuria yake nyumbani. Na kuna mengine ambayo ukiendelea kupika unapoteza muda tu, na mbwa anakufa. Ningependa tujue yote mawili.

TUMBO LINATAKA KUPUMZIKA

Mbwa akila kitu kibaya, au akila kupita kiasi, ukuta wa utumbo wake unachokozeka na kuvimba. Kazi ya utumbo ni kufyonza maji na chakula kuingiza mwilini. Ukishavimba haufyonzi vizuri, basi maji yanapitia nyuma. Ndiyo maana choo kinakuwa cha majimaji. Sasa ukimwekea hapo mafuta ya nyama, maziwa ya ng'ombe au ugali mgumu wa jana, unaongeza mzigo kwa punda ambaye amekwisha kuanguka. Mafuta yanasumbua zaidi ya vyote. Maziwa nayo yana sukari yake ambayo mbwa wengi waliokua hawawezi kuisaga tumboni, na watu wetu hupenda sana kumpa mbwa mgonjwa maziwa kwa huruma. Huruma hiyo inamharisha tena.

Kwa hivyo chakula cha mbwa anayeharisha kinatakiwa kuwa laini, kilichoiva sana, kisicho na mafuta, na kipewe kidogo kidogo. Hakiui vijidudu wala minyoo. Kinachofanya ni kumpa nguvu bila kumchokoza, wakati utumbo wenyewe unajiponya. Kuharisha kwa kawaida, kwa mbwa mkubwa ambaye bado anatembea na kunywa maji, huisha baada ya siku moja hadi tatu.

Kama anatapika pia, usimlishe kitu kwa saa 6 hadi 12, maji tu. Kama anaharisha bila kutapika, hakuna haja ya kumshindisha njaa. Mpunguzie tu chakula. Lakini mtoto wa mbwa usimfungishe hata kidogo. Mwili wake mdogo hauna akiba ya nguvu, na njaa ya usiku mmoja yaweza kumlegeza kabisa.

JINSI YA KUPIKA

Mbwa wetu wa mashambani wengi wana uzito wa kilo 15 hadi 20. Kwa mbwa kama huyo, chukua kikombe kimoja cha mchele (kile cha robo lita). Uoshe, uweke kwa sufuria na vikombe vinne vya maji, uchemshe kwa moto mdogo mpaka wali uwe laini wa kupondeka kwa kijiko. Usitie chumvi, usitie mafuta. Kwa sufuria nyingine chemsha kuku bila ngozi. Akiiva, toa mifupa yote, nasema yote, chambua nyama vipande vidogo upate kama kikombe kimoja. Enga mafuta yanayoelea juu ya supu na uyatupe. Changanya nyama na wali, ongeza supu kidogo, acha ipoe iwe vuguvugu.

Sasa najua mtu anasoma hapa akisema, Madam amesahau sisi ni nani. Kuku tunachinja Krismasi, naye anatuambia tumchinjie mbwa. Hapana. Mayai matatu yaliyochemshwa yakawa magumu, ukayaponda, yanatosha mahali pa nyama. Kikundi cha kuku hakikosi mayai yaliyopata ufa. Nyama ya mbuzi isiyo na mafuta pia inafaa, na samaki aliyechemshwa akatolewa miiba yote. Mahali pa mchele unaweza kutumia viazi vilivyomenywa na kuchemshwa, mradi si vile vilivyogeuka kijani. Malenge yaliyochemshwa na kupondwa, vijiko viwili vya mezani ndani ya chakula, yanasaidia choo kushikana. Uji mwepesi wa mahindi nao ni mzuri kama unga ni safi. Hapo kwa unga nitarudi.

Pishi hilo moja ni la siku nzima kwa mbwa mzima wa afya. Siku ya kwanza mpe nusu yake tu, ukigawanya mara nne: asubuhi, saa sita, jioni na kabla ya kulala. Akikaa nacho vizuri bila kutapika, siku ya pili mpe yote, bado kwa mara nne. Choo kikianza kushikana, endelea siku moja au mbili, halafu uchanganye na chakula chake cha kila siku: robo kwanza, kesho yake nusu, kesho kutwa robo tatu. Ukimrudisha kwa ghafla, utaanza upya. Na usimwache kwa wali na mayai mwezi mzima, maana chakula hiki hakina madini yote ambayo mbwa anahitaji, hasa ya mifupa.

Vitunguu visiingie kwa sufuria hiyo, viwe vya kawaida au saumu, vibichi au vilivyopikwa. Vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa hivyo mabaki ya mchuzi wa nyumbani si chakula cha mbwa mgonjwa, hata kama yananukia vizuri.

MAJI NDIYO YA KWANZA

Nimeandika chakula kwanza kwa sababu ndicho nilichoulizwa, lakini mbwa anayeharisha huuawa na ukosefu wa maji kabla ya njaa. Hapa akina mama mnajua kazi tayari, maana ni yale yale mliyofundishwa kliniki ya watoto. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, vya kusawazisha bila kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga. Usizidishe chumvi. Mwekee kwa bakuli, na pembeni uweke bakuli lingine la maji matupu, achague mwenyewe. Kama anatapika, mpe vijiko vichache vya mezani kila baada ya nusu saa, maana akinywa bakuli zima kwa mara moja yatarudi yote. Kilichobaki jioni, mwaga. Kesho tengeneza kingine.

Usimfungue mdomo kwa nguvu na kummiminia. Maji yanaingia mapafuni, na sasa una magonjwa mawili.

Unajuaje kama amekaukiwa? Vuta ngozi ya juu ya mabega kwa vidole viwili, halafu uachilie. Kwa mbwa aliye sawa ngozi inarudi mara moja. Ikirudi polepole, au ibaki imesimama kama hema, amepungukiwa na maji sana. Angalia pia ufizi: unatakiwa uwe na unyevu na rangi ya waridi. Ukigusa ukashikana na kidole kama gundi, si vizuri.

KABLA YA KUMGUSA MDOMO

Mbwa ambaye anashindwa kumeza, mate yanamtoka, taya limelegea, sauti imebadilika, au ambaye alikuwa mpole na leo anauma hewa, usidhani ana mfupa kooni. Usitie mkono kutafuta. Hicho chaweza kuwa kichaa cha mbwa, na kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Akikuuma, akikukwaruza au mate yake yakiingia kwa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Serikali yetu ilianzisha mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vya ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, na nguzo yake kubwa ni mbwa kuchanjwa kila mwaka. Siku ya chanjo ikitangazwa sokoni, mpeleke.

WAKATI WALI HAUTOSHI

Jambo hili nililijifunza kwangu nyumbani, na bado linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Akaanza kutapika Ijumaa jioni, usiku akaharisha. Mimi mwenye kufundisha watu nikapika wali, nikaponda yai, nikajiambia kesho atakuwa sawa. Jumamosi choo kikawa na damu na harufu ambayo ukishaisikia huisahau. Nikaendelea na wali wangu. Jumapili mchana nilipompata daktari, aliangalia tu, akaniuliza, "Alichanjwa?" Hakuwa amechanjwa. Alikuwa na ugonjwa unaoitwa pavo, na alikufa usiku huo. Watoto wangu hawakuniuliza kitu, lakini mimi nilijua tulipoteza siku mbili kwa sufuria.

Pavo ni virusi vinavyoshika hasa watoto wa mbwa. Vinakula ukuta wa utumbo na kuishusha kinga ya mwili. Hakuna chakula cha kuviponya. Mbwa anahitaji maji ya kudungwa na dawa za kuzuia maambukizo mengine, na akipata mapema wengi hupona. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haiviui. Jik inaviua: nusu kikombe kwa lita nne za maji, ukisha kusafisha uchafu kwanza, uache dakika kumi. Usilete mtoto mwingine wa mbwa mahali hapo kabla hajamaliza chanjo zake.

Basi acha kupika utafute daktari kama ni mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha pamoja, kama kuna damu au choo cheusi kama lami, kama anatapika hata maji, kama tumbo limefura na kuwa gumu, kama hawezi kusimama, kama anatetemeka au kuanguka kifafa, kama ufizi ni mweupe au wa manjano, au kama siku ya tatu imefika na hakuna mabadiliko. Ufizi mweupe mara nyingi ni minyoo ya safura au kupe, vinavyomnyonya damu. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo anza na ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo yenu. Kwa agroveti, muulize yule anayekuuzia kama yeye amesajiliwa kutibu wanyama au ni wa kuuza tu. Swali hilo si la kumkosea adabu.

Dawa za watu usimpe. Panadol, Brufen na zile za maumivu ya mgongo za mzee zinaweza kumtoboa mbwa tumbo, au kumharibu ini na figo. Nimeona mtu mwenye nia njema akimpa mbwa kidonge cha kuzuia kuharisha cha watu wazima. Dawa kama hizo zinaweza kufungia sumu ndani.

ANGALIA SUFURIA YA KILA SIKU

Mbwa wa yule mama alipata nafuu siku ya tatu. Lakini nilipomtembelea nyumbani niliomba kuona anachokula siku zote. Mzee wa boma akanionyesha gunia pembeni ya stoo. "Haya ni ya mbwa na kuku," akasema. Nikaingiza mkono. Mahindi yalikuwa na ukungu wa kijani na mengine yamekuwa meusi, yamenyeshewa kabla ya kupurwa. Wao wenyewe hawali hayo. Wanayasaga peke yake, wanampikia mbwa.

Hapa ndipo ningependa vikundi vyote visimame kidogo. Ukungu huo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Kuchemsha haiondoi. Kusaga haiondoi, inaificha tu. Mwaka 2004 sumu hiyo ilishika watu 317 hapa nchini, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Kwa mbwa si jambo geni pia: mwaka 1977 na 1978 mbwa wengi na kuku walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mbwa ni mnyama mmoja ambaye ini lake haliwezi sumu hii. Anaanza kwa kukataa chakula, anatapika, anaharisha, baadaye macho na ufizi vinakuwa vya manjano, na hapo amechelewa. Ukimpikia uji wa kumtuliza tumbo kwa unga ule ule, unamtibu kwa kile kilichomuugua.

Na si mbwa tu. Kuku wakila hayo mahindi wanadhoofika, mayai yanapungua, na kikundi kinalaumu mbegu ya vifaranga. Ng'ombe akila, sumu nyingine inapitia kwa maziwa na kurudi kwa kikombe cha mtoto. Mahindi yaliyooza hayana mtu wa kupewa. Yachimbiwe shimo yazikwe, au yachomwe.

Mzee aliniuliza, "Sasa nitajuaje kama yale mengine yamekauka?" Kuna njia rahisi. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo yake, ongeza kijiko kimoja cha chumvi kavu. Funga, utikise kwa dakika moja au mbili, halafu uache yatulie kwa dakika kama kumi na tano. Chumvi ikishikana kwa ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini bila kushika, yanaweza kuingia stoo. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Tulifanya hapo hapo kwa chupa ya soda, na chumvi ya gunia lake la pili, lile la watu, ilishika. Mama hakusema kitu. Alienda kutafuta turubai.

Kuna vitu vingine viwili vitatu vya kuangalia. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano na kutoboa utumbo. Ya kuchemshwa au ya kuchomwa, yote ni mbaya. Wale wa upande wa juu mnaokuza makadamia, msiache mbwa aokote chini ya miti. Karanga hizo zinamlegeza miguu ya nyuma, anatapika na kutetemeka. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, lakini ukimwona hivyo bila kujua sababu utafikiri amelishwa sumu na jirani, na ugomvi uanze bure.

Matumbo na mapafu kutoka bucha, usimtupie yakiwa mabichi, hasa ukiona vifuko vya maji ndani yake. Hivyo ni vya tegu fulani mdogo. Mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa, lakini mayai ya tegu huyo yanatoka na choo chake, yanafika mikononi mwa watoto, na ndani ya mtu yanaota uvimbe wa maji kwa ini au mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huo, wengi wakapasuliwa. Chemsha matumbo kwa nusu saa au zaidi, au uyazike mahali mbwa hawezi kufukua.

Minyoo nayo: mtoto wa mbwa apewe dawa akiwa na wiki mbili, halafu kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu. Mkubwa, kila miezi mitatu. Mpime uzito kwanza, hata kama ni kwa kusimama naye juu ya mizani ya posho mili na kutoa uzito wako.

Kikundi kile kimekubaliana kwamba chakula cha mbwa kitatoka kwa gunia lile lile la watu, kisagwe pamoja, na mayai yenye ufa yawe yake Jumamosi. Mwekahazina alitaka kujua hiyo itaandikwa wapi kwa kitabu cha hesabu. Tuliandika chini ya "ulinzi".